Chembe Zilikuwa Baridi

Mwanamume akikuambia "nusu saa tu", usimtazame usoni. Uso unafundishika. Tazama faneli ya mashine yake.

Mimi niliitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana, gauni langu la buluu limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vya kuazima vinanibana vidole, jasho limeshaanza safari mgongoni. Nyumbani, mama na mjomba walikuwa wameketi sebuleni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mjomba alikuwa amevaa koti. Joto lile, koti. Walimsubiri mtu mmoja tu, aliyeahidi kuja alasiri hiyo kujitambulisha. Alishaahidi mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili soda zikanywewa na majirani.

Asubuhi mama aliniambia maneno yake huku akikung'uta mito ya makochi, bila hata kupandisha sauti. "Leo ndiyo mwisho, mwanangu. Asipokuja leo, jina lake lisitajwe tena humu ndani. Nimechoka kufuta viti kwa ajili ya mgeni asiye na miguu."

Na mgeni mwenyewe ndiye huyu, amenipa mgongo, anavuta uzi.

"Nusu saa tu, Kasuku," alisema bila kugeuka. Alinijua kwa hatua.

Kasuku ni mimi. Jina nilipewa humu humu karakanani, enzi nikiwa mwendesha mashine, kwa sababu nilikuwa naongea hata na feni. Yeye tulimwita Asilimia. Hakuwa na sentensi isiyo na asilimia ndani yake. Ukimuuliza kama chai ina sukari, anakupigia hesabu. Siku aliyoniambia ananipenda, nilimuuliza ananipenda kiasi gani. Akafikiri kwanza. Nawaapia, alifikiri. Kisha akasema, "Tisini na nane." Nikamuuliza hizo mbili amempa nani. "Hizo ni za makosa ya vipimo," akajibu. Nikampenda palepale, mjinga mimi.

"Nusu saa ya nani?" nilimuuliza sasa. "Ya saa ya ukutani, au ya hiyo faneli?"

Akavuta uzi. Mashine ikaendelea kunguruma.

Karakana ile inatengeneza uzi wa plastiki. Si wa kushonea. Ni uzi mnene kama tambi, wa kulishia zile printa ambazo hazichapi karatasi bali zinachapa vitu: gia, kifuniko, kidole cha mkono bandia. Printa inauyeyusha uzi na kuupanga tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kinasimama chenyewe mezani. Basi Asilimia alikuwa anatafuta mchanganyiko. Kuna plastiki inayotokana na wanga wa mahindi. Inachapika vizuri, ila ukiikunja inakatika kama biskuti. Kuna nyingine laini, inanyumbuka kama mpira, ila ukichapa nayo kitu kinasimama kama mlevi. Ukizitia pamoja hivihivi zinakuwa maji na mafuta, kila moja na kwao. Lazima upate kitu cha tatu, kidogo tu, cha kuzishikanisha. Hicho cha tatu kilishamla Asilimia usingizi, kikamla mashavu, na sasa kilikuwa njiani kunila mimi. Fundi wa miguu bandia alikuwa anausubiri uzi huo, na karakana nzima ilikuwa inamsubiri fundi.

Faneli ni lile bakuli kubwa juu ya mashine, unamomwaga chembe za plastiki. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama za kuonea aibu, lakini faneli naijua kama kiganja changu. Iliyojaa inakwisha jua likizama. Na mashine ikishashika moto huwezi kuizima ukaenda zako, maana plastiki inayobaki ndani inaungua na kuganda kama lami. Kwa hiyo mtu mwenye safari hajazi. Anatia kidogo, anaacha iishe, anasafisha, ananawa mikono. Anayejaza ana mpango wa kulala hapo.

Faneli ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

"Umejaza," nikasema.

"Shika hapo, uzi unapinda."

Nami, kwa mazoea tu, nikashika. Ndivyo nilivyojikuta, na gauni langu la kwendea kwa watu, nimesimama kando ya beseni la maji la kupozea uzi, naupitisha kwenye vidole kuelekea gurudumu la kukunjia, huku nikigombana. Sijui wapenzi wengine wanagombania wapi. Wengine hukaa vitandani, nadhani. Wengine hupeana migongo. Sisi hatukuweza kupeana migongo, uzi ungekatika.

"Mjomba amevaa koti," nikamwambia.

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekuwa umeshafika. Mama amefuta viti. Mara ya tatu hii anafuta viti, Asilimia. Vile viti vitabaki mbao tupu."

"Punguza kidogo mkono, unavuta sana."

"Mkono nitaupunguza nikitaka." Nikaupunguza. "Nataka unijibu. Mara ya kwanza ulisema umeme umekatika. Mara ya pili ukasema tanuri limegoma. Leo tuseme nini? Mimi ndiye nasimama mbele ya mama yangu nakutungia sababu. Zimeniisha. Mimi, Kasuku, nimeishiwa maneno. Umewahi kuona?"

Aligeuka basi. Na wasomaji wangu, mtu mnayempenda asigeuke mkiwa mmemkasirikia, ni hila. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelala akiwa ameketi. Midomo imekauka. Alinitazama kuanzia viatu vya kuazima mpaka nywele nilizosukwa kwa ajili yake, akajifuta mikono. Nikaona ovaroli yake imefungwa vifungo mpaka shingoni, na chini yake imechungulia suruali iliyonyooka kwa pasi. Viatu vimepakwa rangi, vinang'aa.

Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Kumbe alijiandaa kabisa. Alijiandaa, akapiga rangi viatu, kisha akaja kujaza faneli.

"Umependeza," alisema, sauti imekwaruza.

"Sikupendeza kwa ajili ya beseni."

"Kasuku."

"Usiniite. Sema tu hutaki. Nitakwenda kumwambia mama hataki, mjomba atavua koti, maisha yataendelea. Pale dukani ninapouza vitasa kuna mteja kila wiki anakuja kununua bawaba. Milango yote hiyo anaitoa wapi? Anakuja kwa ajili yangu. Na hana asilimia, ana ndiyo na hapana."

"Ni fundi seremala," alisema kwa uchovu. "Ndiyo maana ananunua bawaba."

Ningecheka siku nyingine. Siku hiyo machozi yalinijia, na sikuwa na mkono wa kuyafutia.

Ndipo uzi ulipoanza kulia.

Mwanzoni ni mlio mdogo, kama mafuta yakidondokewa na tone la maji. Pa. Pa-pa. Nikatazama pua ya mashine, pale uzi unapotokea. Ulikuwa unatoka na vipovu, mara mnene, mara mwembamba, na mvuke kidogo ukipanda. Ukakatikia mkononi mwangu. Asilimia akaukamata haraka, akauunganisha, ukakatika tena.

Yeyote aliyefanya kazi mle anaujua mlio huo. Ni unyevu. Chembe za plastiki zinakunywa hewa kama mtoto anavyokunywa uji. Ukiziacha kwenye gunia wazi zinajaa maji usiyoyaona, na zikiingia kwenye moto maji yanachemka ndani ya uzi. Ndiyo maana kwanza zinakaa kwenye tanuri la kukaushia, halafu zinamwagwa zikiwa bado za moto. Asilimia alikuwa na wazimu na jambo hilo. Aliwahi kuninunia siku nzima kwa sababu niliacha mfuniko wa debe wazi nikienda kunywa chai.

Niliacha uzi. Nikapanda kijibao, nikatumbukiza mkono kwenye faneli mpaka kwenye kiwiko.

Chembe zinazotoka tanurini zina joto la yai lililotagwa sasa hivi. Hizi zilikuwa baridi. Baridi kama sakafu ya zahanati.

"Hukujaza wewe," nikasema.

"Shuka, utaanguka na hivyo viatu."

"Wewe hujazi chembe za baridi. Hata ukiwa na homa hujazi za baridi. Nani amejaza?"

Alikuwa anautazama uzi ulivyokuwa ukidondoka sakafuni na kujikunja kama mnyoo. Macho yalimponyoka. Yalikwenda mara moja kwenye mlango wa ofisi, yakarudi.

Mlangoni pa ofisi alikuwa amesimama mama yake mdogo, kikombe mkononi.

Huyu mama ndiye mwenye karakana. Alimlea Asilimia tangu ana meno ya utotoni, dada yake alipofariki. Alimsomesha, akamnunulia mashine ile. Yeye mwenyewe ni mtu wa wateja na risiti. Chembe hakuwahi kuzishika. Mimi alinitoa kazini siku aliyotukuta tumeshika beseni moja, kila mtu na upande wake, na hakuna beseni lililokuwa linahitaji kubebwa.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikiwa bado juu ya kijibao, mkono kwenye faneli.

"Marahaba. Shuka huko juu, binti, usije ukavunjika ukasema ni karakana yangu." Akamgeukia mwanawe. "Mbona inalia hivyo?"

"Chembe mbichi, Mama Mdogo. Umezitoa kwenye gunia."

"Sasa gunia si ndiyo hizohizo?"

Asilimia alifumba macho. "Si hizohizo."

Nikashuka. Miguu ilikuwa inaniuma, lakini kichwani kitu kilikuwa kimefunguka. "Alikuwa ametia kidogo," nikamwambia mama yule, taratibu. "Ili ziishe mapema. Akaenda kuoga. Aliporudi akakuta imejaa."

"Nilijaza mimi," alisema mama yule. Hakuona haya, wala hakufoka. Alikwenda kuketi kwenye gunia, kikombe magotini, akawa ghafla mwanamke mzee mwenye vifundo vilivyovimba. "Asubuhi uzi ulikubali. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuhangaika. Ameukunja mbele yangu haukukatika. Na fundi wa miguu anataka roli zima la uzi, si kipande. Mimi naona sasa tumefika, yeye namwona anatafuta sabuni. Nikajua akikuta imejaa, hatoki." Akapuliza chai iliyokwisha kupoa. "Unafikiri nakuchukia, binti. Sina hata nguvu za kumchukia mtu. Ila nikiwaza ameoa, amehamia kwa watu wengine, naona hii mashine inanyamaza. Mimi nitabaki nakaa na mashine iliyonyamaza."

Uzi mbovu uliendelea kudondoka, pa-pa, pa.

Nilitegemea hasira zangu zihamie kwake, ziniachie Asilimia mzima. Hazikuhama. Nilimtazama mpenzi wangu, nikajua kinachouma ni kipi.

"Kwa nini hukuniambia? Nimekutukana muda wote huu umenyamaza."

"Ungemchukia," alisema kwa sauti ya chini, ingawa mama yake mdogo alikuwa hapohapo anasikia. "Nami nataka siku moja mle meza moja. Sikutaka nianze kwa kukupa sababu."

"Sawa. Hukujaza. Nimekuelewa." Nikavuta pumzi. "Lakini hukuchota pia."

"Nini?"

"Hukujaza, lakini hukuchota. Ulikuta faneli imejaa, ukavaa ovaroli juu ya nguo za kuja kwetu, ukaanza kuvuta uzi. Bakuli lile pale. Ndoo ile pale. Ungechota, ungesema, Mama Mdogo, leo nina safari. Asilimia, zile mbili ulizosema za makosa ya vipimo, leo nimejua ziko kwa nani. Sisemi unipe zote. Mama yako mdogo ni mama yako. Ila siwezi kuolewa na mtu ambaye kila akijaziwa, anavuta tu."

Sikupaza sauti. Nguvu ya kupaza ilikuwa imekwisha. Nikajifuta mkono kwenye gauni, likapata doa ambalo bado lipo, nikaanza kwenda mlangoni. Nilitembea polepole. Viatu vilibana, ndiyo, lakini tusidanganyane, nilitembea polepole ili nisikie.

Nilisikia chembe zikianguka kwenye ndoo.

Mlio wake ni kama mvua ya kwanza kwenye bati, inayoanza kwa wasiwasi. Nikageuka. Alikuwa juu ya kijibao, bakuli mkononi, anachota. Anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, bila haraka, kama mtu anayehama nyumba peke yake.

"Baba," alisema mama yake mdogo. "Unafanya nini?"

"Napunguza, Mama Mdogo."

"Na roli la watu?"

"Hizi hata nikizivuta mpaka kesho hazitakuwa roli. Nitaziweka tanurini zikauke. Kesho nitakuja mapema." Alisimama, bakuli limeinama. Nadhani hakuwahi kumwambia mama yule neno lililofuata, tangu utotoni. "Leo hapana. Leo naenda kwa watu. Nimewaahidi mara tatu."

Mama Mdogo aliitazama mashine, akamtazama yeye, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Sikuinamisha macho wala sikuyakaza. Nilikuwa nimechoka kufanya yote mawili. Kisha akaweka kikombe chini, akainuka akishika kiuno, akaichukua ndoo iliyojaa na kusukuma nyingine, isiyo na kitu, chini ya mkono wa mwanawe.

"Chota vizuri," alisema. "Unamwaga nusu sakafuni."

Tulisafisha mashine watu watatu. Mama Mdogo hakujua kitufe hata kimoja, ikabidi nimwelekeze, naye akaelekezwa. Uzi wa kusafishia ulipotoka mweupe, mtulivu, Asilimia akazima. Akavua ovaroli. Shati la ndani lilikuwa jeupe, ila lilishakunywa moshi wote wa alasiri.

"Unakwenda kwa watu unanuka kama beseni lililoungua," alisema mama yake mdogo. Akaingia ofisini, akatoka na shati lililokuwa kwenye hanga, lina karatasi ya dobi bado. "Vaa hili. Na wewe binti, mwambie mama yako kosa la kuchelewa ni langu. Usimwambie sababu. Mwambie tu ni langu."

"Nitamwambia, mama."

"Na urudi siku moja unieleze hizo mbichi na kavu. Huyu akieleza anaweka hesabu, nasinzia."

Njiani hatukushikana mikono. Tulitembea tu bega kwa bega, kama watu wawili waliotoka kumzika mtu wa mbali. Karibu na kona ya nyumbani alitoa kipande cha uzi mfukoni, kirefu kama kidole. "Wa asubuhi," akasema. "Kabla hazijajazwa zile mbichi. Ukunje."

"Sina hamu ya kukunja kitu." Nikakitia kiganjani nikafunga ngumi.

Mjomba alikuwa bado amevaa koti. Nilimpenda sana saa ile. Salamu zikapita, Asilimia akajieleza kwa ufupi, nikatoa ujumbe wa Mama Mdogo kama ulivyo, na mama akaupokea bila kuuliza, ila nyusi zilipanda zikakaa hukohuko juu. Soda zikafunguliwa. Mjomba akaanza kusema. Sasa mjomba wangu akianza kusema hana breki. Alianzia kwenye ndoa yake mwenyewe, akaingia kwenye ndoa za kaka zake, mmoja mmoja kwa umri.

Alipofika kwa wa pili, kichwa cha Asilimia kilianza kuinama. Nilimkanyaga mguu. Akainuka, akatabasamu, akainama tena. Mara ya tatu hakuinuka. Kichwa kiliegemea mkono wa kochi, mdomo ukafunguka, glasi ikabaki wima mkononi kwa miujiza. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mjomba akakatisha. "Huyu amelala?"

"Anafikiri, mjomba," nikasema.

Asilimia akakoroma.

"Anafikiri kwa sauti," alisema mama.

Alisimama. Nikajua sasa ndiyo basi, anakwenda kufungua mlango. Akaenda mpaka kwenye kochi, akamtoa ile glasi vidoleni taratibu, kidole kimoja kimoja, akaiweka mezani. Akavitazama vile vidole vilivyoungua, na chembe moja ya plastiki iliyokuwa imenasa kwenye nywele zake. Akaitoa, akaiviringisha kati ya vidole viwili kuona ni nini.

"Mwache," alisema. "Mwongo halali kwenye nyumba ya watu. Mwongo hukaa macho, anaangalia mlango." Akarudi kuketi, akaegemea, naye pia akaonekana amechoka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. "Endelea, kaka. Ulikuwa umefika kwa yule wa pili. Sisi tunasikia."

Mjomba akaendelea, ila kwa sauti ya chini.

Nikafungua ngumi. Uzi ulikuwa umepata joto la kiganja changu. Nikaukunja mpaka ncha zikagusana. Pale kwenye kunjo ukawa mweupe. Nikaunyoosha, nikaukunja upande wa pili. Nikangoja ukatike, maana nimezoea vikikatika. Mjomba alikuwa amefika kwa kaka wa tatu. Nikaukunja tena.